Mwanangu anataka kusomea sanaa za maonyesho, lakini anayemlipia ada anataka uhasibu

BARUA

Ndugu Mshauri,

Natumaini u mzima. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Moshi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiuza nguo za mitumba katika soko la Memorial. Nakuandikia kuhusu mwanangu wa kwanza, ambaye amemaliza mtihani wa kidato cha sita katika tahasusi ya Historia, Jiografia na Uchumi, na sasa anajiandaa kwenda JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, huku tukisubiri matokeo.

Mume wangu alifariki mtoto huyu akiwa darasa la pili. Tangu wakati huo, aliyebeba mzigo wa ada ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Arusha. Nisingependa msomaji yeyote amwone kuwa mtu mbaya. Ada ya sekondari ameilipa bila kukumbushwa, sare amenunua yeye, na mwanangu alipokwenda bweni, godoro lilitumwa kwa basi likamtangulia kufika. Wanangu wanamwita Baba Mkubwa, na kwa kweli amewalea kama baba.

Desemba iliyopita, tulipokusanyika nyumbani Kibosho kwa Krismasi kama ilivyo desturi yetu Wachaga, alisimama mbele ya ukoo akatangaza kwamba kijana akifaulu atamsomesha uhasibu, ama hapa Moshi katika Chuo Kikuu cha Ushirika, ama kule Chuo cha Uhasibu Arusha, atagharamia kila kitu mpaka mwisho, na baadaye atamkabidhi hesabu za duka. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mwanangu aliinamisha kichwa. Usiku ule, tulipokuwa tunaosha vyombo, akaniambia kwamba yeye anataka kusomea sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilidhani ananitania. Nikamwuliza kama anataka kuigiza katika hizi tamthilia tunazozitazama kila jioni kwenye king'amuzi. Akajibu, “Hapana Mama, siyo hivyo,” kisha akanyamaza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mtoto huyu hata haigizi. Ijumaa Kuu ya mwaka huu vijana wa parokia yetu waliigiza mateso ya Bwana katika ukumbi wa kanisa. Nilikwenda mapema nikakaa mbele, nikiwa na hakika kwamba nitamwona akiwa Petro, au japo askari mmojawapo. Hakutokea. Nilipogeuka nikamwona nyuma kabisa, karibu na swichi, ameshika kauntabuku. Kila ukurasa alikuwa ameugawa kwa rula: upande mmoja maneno ya waigizaji, upande wa pili nani anaingia, anatokea mlango gani, na taa ipi inawashwa. Taa zenyewe alizitengeneza kwa makopo ya maziwa ya unga, ndani balbu, mbele karatasi nyekundu au ya buluu ya kufungia zawadi. Aliponyoosha kidole, mwenzake akazima taa zote isipokuwa moja, ile iliyomwangazia Bikira Maria chini ya msalaba, na ukumbi mzima ukatulia, hata watoto waliokuwa wakisumbua. Mwisho wa mchezo Baba Paroko alimtaja kwa jina akampongeza. Nilijivunia sana. Hata hivyo nilirudi nyumbani na swali: mtu anayekaa gizani na daftari anakwenda kusomea nini katika mambo ya kuigiza, tena kwa miaka mitatu?

Habari hizi zilimfikia Baba Mkubwa kabla sijajua nitamwambiaje. Alinipigia simu, akazungumza kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, jambo lililonitisha kuliko kama angefoka. Alisema, “Shemeji, sanaa haijengi nyumba. Mdogo wangu nilimzika kwa fedha zangu. Na mwanawe je?”

Lazima nieleze maneno hayo. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga gitaa katika bendi zilizotumbuiza kwenye mahoteli ya Arusha. Watalii walipokuwa wengi tulikula vizuri. Masika yalipoingia tulikopa unga dukani. Kaka yake alimpa kazi dukani kwake, akaifanya kwa muda mfupi, kisha akarudi kwenye gitaa. Alipougua hatukuwa na bima wala akiba. Hospitali alilipa shemeji, jeneza alinunua shemeji, na mpaka leo hajawahi kunisimanga hata mara moja.

Sasa msimamo wake ni huu: mwanangu akisoma uhasibu, atalipa, akichagua sanaa, yeye hatatoa hata senti. Wadogo wawili wa mwanangu bado wako sekondari, na ada yao inatoka mfuko uleule. Mwanangu hagombani na mtu. Anakula, ananisaidia kubeba mabelo ya mitumba asubuhi, anasema “ndiyo Mama”, lakini maneno mengine hayatoki. Nikimlazimisha uhasibu naogopa nitampoteza moyoni. Nikimwacha aende Dar es Salaam naogopa nitavunja undugu na mtu aliyetushika mkono tulipokuwa tunazama, na pengine nitawaponza hawa wadogo. Je, nimzuie au nimwachie? Nifanyeje?

Mama wa Memorial, Moshi


MAJIBU YA MSHAURI

Mama mpendwa,

Pole kwa mzigo huu, na hongera kwa kuwalea watoto watatu kwa biashara ya sokoni, kazi ambayo wanaoijua wanaielewa bila kuelezwa. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza lililonigusa ni kwamba hakuna mtu mbaya ndani yake. Shemeji yako anapenda, mwanao anaheshimu, nawe unataka kumtendea haki kila mmoja. Migogoro ya namna hii huwa migumu kuliko ile yenye mkosaji, kwa sababu hakuna wa kulaumiwa ili wengine wapumue.

Umeniuliza kama umzuie mwanao au umwachie. Niruhusu nisite kidogo kabla ya kuingia kwenye swali hilo, kwa maana naona limebeba maswali matatu yaliyofungwa kwenye belo moja: mwanao anataka kusomea nini hasa, nani atalipa, na kifo cha mume wako kinasema nini juu ya maisha ya mtoto wake. Kila moja lina jibu lake, na yakichanganywa, jambo la ada linageuka kuwa jambo la msiba.

Nianze na kauntabuku, kwa sababu nadhani ndani yake mna maelezo ambayo mwanao alishindwa kuyatoa usiku ule wa kuosha vyombo. Ulikwenda ukumbini kumtafuta Petro, ukamkosa, ukahitimisha kwamba mtoto haigizi. Ni kweli haigizi. Lakini mchezo wa jukwaani haubebwi na waigizaji peke yao. Kuna mwongozaji anayeamua nani asimame wapi na kwa nini. Kuna anayebuni mandhari, anayeshona na kutunza maleba, yaani mavazi ya waigizaji, anayepanga taa na sauti. Na kuna msimamizi wa jukwaa, ambaye onyesho likishaanza ndiye anayetoa ishara kwa kila mtu, akifuata mswada aliouandikia pembeni kila anayeingia, kila anayetoka na kila taa inayowashwa au kuzimwa. Mswada wa namna hiyo hutumika katika maonyesho makubwa kote duniani. Mwanao aliuchora kwa rula, na inaelekea hakuna aliyemfundisha. Nikijumlisha na makopo ya maziwa, naona kijana aliyefanya usiku mmoja kazi ambazo kikundi chenye watu wa kutosha kingezigawa kwa watu watatu.

Kwa hiyo unapouliza anakwenda kusomea nini kwa miaka mitatu, jibu fupi ni kwamba anakwenda kusomea hayo, pamoja na mengine ambayo huenda yeye mwenyewe hayajui. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kina shahada ya sanaa za maonyesho na filamu. Katika masomo ya aina hii mwanafunzi husoma uigizaji, uongozaji, uandishi wa tamthilia, ubunifu wa jukwaa na historia ya sanaa za Kiafrika, na hushiriki kuandaa maonyesho yanayopewa alama kama mtihani. Hapa ndipo ningependa mwanao aulizwe kwa upole: je, anajua kwamba atatakiwa pia kutoka gizani? Kozi hizi humtaka hata anayependa taa asimame mbele ya wenzake, atumie sauti na mwili wake, akosolewe hadharani. Anajua kwamba shahada ina kusoma na kuandika kwingi, nadharia na insha ndefu, mbali na mazoezi yanayochukua jioni nzima? Akisema anajua na bado anataka, utakuwa umejifunza jambo juu yake. Akishtuka, utakuwa umejifunza jambo jingine, na yeye pia.

Kama moyo wake uko zaidi kwenye kazi ya mikono, iko Bagamoyo. Chuo cha sanaa pale kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Hutoa astashahada na stashahada, mafunzo yake yanaegemea vitendo, kina jukwaa kubwa la maonyesho, na kila mwaka hufanyika tamasha linalowapa wanafunzi nafasi ya kufanya kazi mbele ya watazamaji wengi. Jumba la maonyesho la pale liliwahi kuungua mwaka 2002 likajengwa upya, na kwa mtu anayeweka karatasi mbele ya balbu, si vibaya akifundishwa mapema mambo ya umeme na moto. Tatizo la njia hii ni la kijamii zaidi: katika macho ya ukoo, kijana wa kidato cha sita anayekwenda kuchukua stashahada ataonekana ameshuka ngazi, hata kama baadaye stashahada hiyo, ikiwa na ufaulu mzuri, inaweza kumfikisha kwenye shahada.

Sasa nije kwa shemeji yako, kwa sababu sitaki umwone kama ukuta. Hofu yake ina msingi. Hapa nchini kumbi zenye maonyesho ya kulipiwa kila wiki ni chache mno, na kazi nyingi za sanaa ya jukwaani na filamu ziko Dar es Salaam. Wengi wa wanaozifanya hulipwa kwa mkataba wa kazi moja moja, malipo huchelewa, na mkataba ukiisha mtu hurudi kutafuta mwingine. Maelezo yako juu ya masika na unga wa kukopa yanafanana na yale ninayoyasikia kwa wasanii wengi hadi leo. Mtu akikuambia kwamba shahada itaondoa jambo hilo lote, usimwamini.

Inachofanya shahada ni kupanua mahali pa kubisha hodi. Wahitimu wa sanaa za maonyesho nawaona kwenye utayarishaji wa vipindi vya runinga na redio, kwenye matangazo ya biashara, kwenye maandalizi ya mikutano na sherehe kubwa, na huko Arusha kwenye kumbi kama za AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, watu wa jukwaa, sauti na taa wanahitajika. Halmashauri huajiri maafisa utamaduni, ingawa nafasi ni chache na waombaji wengi. Mtaala mpya wa shule ulioanza kutumika Januari 2024 umezipa sanaa nafasi kubwa kuliko awali, na masomo hayo yatahitaji walimu. Yapo pia mashirika yanayotumia maigizo kuzungumza na jamii, na hili si jambo geni kwetu: mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakawasaidia wanakijiji kujadili mimba za wasichana kwa kutumia ngoma na maigizo. Wawili kati ya walimu hao, Penina Mlama na Amandina Lihamba, mwaka 1996 walianzisha mradi wa Tuseme, ambao uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kueleza kwa njia ya maigizo vikwazo vya masomo yao, na baadaye ukafika nchi nyingine za Afrika. Sisemi mwanao atakuwa profesa. Nasema kwamba shemeji yako anapolisikia neno sanaa, anamwona mdogo wake na gitaa mbele ya watalii, na hiyo ni sehemu moja tu ya jambo hili.

Na juu ya marehemu, niruhusu niulize kwa heshima. Kilichowaumiza wakati ule kilikuwa gitaa, au ni kukosa bima, akiba na mkataba? Wapo mafundi seremala, madereva na hata wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi walioangushwa na maradhi kwa namna ileile. Leo NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea michango ya hiari ya watu waliojiajiri, na bima ya afya mtu anaweza kujikatia mwenyewe. Ningefurahi kama mwanao angemwendea Baba Mkubwa na maneno ya namna hiyo, aeleze atajilindaje, kuliko kwenda na maneno ya kipaji na ndoto, ambayo mzee aliyelipia jeneza hana sababu ya kuyaamini.

Uhasibu nao tuupe haki yake. Akisoma Ushirika atalala nyumbani, gharama za maisha zitakuwa ndogo, ada itakuwa na mwenyewe, na kila kikundi cha sanaa kinamlilia mtu anayejua kutunza bajeti. Wapo wanaosoma hesabu mchana na kuandaa michezo jioni, na maisha yao si ya huzuni. Hata hivyo, shahada ya uhasibu peke yake haimfikishi mtu mwisho wa safari: anayetaka kutambuliwa kuwa mhasibu kamili hulazimika kufanya mitihani ya CPA, ile ya cheti cha taaluma ya uhasibu, chini ya bodi ya wahasibu, NBAA, na mitihani hiyo haipitwi na mtu asiyeipenda kazi yenyewe. Sijaona katika barua yako mahali popote ambapo mwanao aliulizwa kama hesabu anaziweza au anazipenda. Nimeona pia ahadi ya kukabidhiwa vitabu vya duka, nikajiuliza: ni ajira yenye mshahara, au ni wajibu wa shukrani usio na mwisho? Huenda ni ajira nzuri sana. Lakini jambo hilo likibaki bila kusemwa, baada ya miaka mitano linaweza kuleta manung'uniko mabaya kuliko haya ya leo.

Umeandika kwamba akichagua sanaa shemeji hatatoa senti, na ukaongeza, kwa haraka kidogo, kwamba wadogo nao wanaweza kuponzeka. Nadhani hofu hiyo ya pili ndiyo inayokunyima usingizi, kuliko hata ile ya kwanza. Je, shemeji amewahi kusema kwamba ada ya wadogo inategemea uamuzi wa kaka yao, au umeunganisha wewe mwenyewe kwa kuwa mfuko ni mmoja? Mtu aliyetuma godoro kabla ya mtoto kufika, na ambaye hajawahi kukusimanga kwa mazishi, simwoni kwa urahisi akiwaadhibu watoto wa sekondari kwa kosa lisilo lao. Naweza kukosea, wewe unamjua, mimi namjua kwa barua moja. Lakini swali hilo linafaa kuulizwa peke yake, kabla ya mazungumzo ya chuo, ili usije ukaamua hatima ya mmoja kwa hofu ya jambo ambalo pengine halipo.

Kuhusu fedha za chuo, milango haiishii kwa shemeji. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutoa mikopo kwa wanafunzi wenye uhitaji, na kufiwa na mzazi ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa. Mkopo unaweza kugusa chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo na mafunzo kwa vitendo. Lakini tusidanganyane: si kila mwombaji hupata, na anayepata anaweza kupewa sehemu tu. Vigezo na vipaumbele hutolewa kila mwaka kwenye mwongozo, na mwanao anapaswa kuusoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Tena ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka alimalize. Dar es Salaam nako maisha ni ghali, na mazoezi ya usiku yana nauli zake. Je, wewe unaweza kuongeza kiasi gani kila mwezi bila kuukata mtaji wa mabelo? Kiandike kwenye karatasi, kiwe kidogo au kikubwa. Mtaji huo ndio chakula cha wote wanne, na sipendi kusikia umeuza meza yako ya Memorial kwa ajili ya chuo chochote, kiwe cha sanaa au cha hesabu.

Jambo moja linakupa nafasi ya kupumua. Kufaulu kwenyewe bado hakujajulikana: kwa kawaida shahada humtaka mhitimu wa kidato cha sita awe na ufaulu katika masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, na kila programu ina masharti yake ya nyongeza. Matokeo yakitoka, mwombaji anaweza kuomba zaidi ya chuo kimoja na zaidi ya programu moja, na akichaguliwa sehemu kadhaa anathibitisha moja. Maana yake ni kwamba mwanao anaweza kuomba uhasibu na sanaa kwa pamoja, na uamuzi ukasogea mpaka siku ya kuthibitisha. Ila Baba Mkubwa aambiwe. Akija kugundua baadaye kwamba kulikuwa na maombi mengine pembeni, hataona busara, ataona ameviziwa.

Namna ya kumwambia ina uzito kuliko maneno yenyewe. Kumbuka kwamba ahadi aliitoa mbele ya ukoo, watu wakapiga vigelegele. Kwa mzee wa heshima, kijana akikataa si ada peke yake inayokataliwa, ni neno lake hadharani. Kwa hiyo ukimpigia simu umwombe abadilike, unamwomba aaibike. Ningekushauri ufikirie kwenda Arusha mwenyewe, Jumapili duka likiwa limetulia, uanze na shukrani ambazo pengine hajawahi kuambiwa kwa kirefu, umsikilize juu ya mdogo wake kabla hujagusa habari za mtoto, na usiombe uamuzi siku hiyo. Baba Paroko aliyempongeza kijana anaweza kuwa mtu wa kati, maana alikuwepo ukumbini na aliona kwa macho yake, lakini usimtangulize. Mzee akiona padri anaingia kwanza, atajua amezungukwa. Na pengine ipo njia ya katikati ambayo ni yeye anayeweza kuitamka: kwamba mkopo ubebe shahada na yeye abaki na wadogo, au kwamba kijana ajaribu mwaka mmoja kwenye kampuni ya sauti na taa huko Arusha huku akimsaidia dukani mwisho wa wiki. Hii ya mwaka mmoja nayo ina hatari yake, kwa kuwa vijana wengi waliosubiri mwaka mmoja wamejikuta wamesubiri mitatu. Wazo likitoka kinywani mwake, hata hivyo, hatakuwa ameshindwa.

Inaweza pia kutokea kwamba akasikiliza yote na bado akasema hapana. Hiyo ni haki yake, fedha ni zake. Mwanao naye ni mtu mzima kisheria, na fomu ya maombi itajazwa kwa jina lake. Wewe huwezi kumsomea darasani wala kumfanyia mtihani, na kwa sababu hiyo sidhani kama kuzuia au kuachia ni maneno yanayokutosha tena. Kazi iliyobaki kwako ni kuhakikisha anachagua akijua bei ya kila njia, na kwamba akichagua, wewe na Baba Mkubwa mnabaki mkisalimiana.

Kabla hajaondoka kwenda JKT, tafuta saa moja isiyo na wadogo zake. Mwombe alete ile kauntabuku, akueleze ukurasa mmoja mmoja, wewe ukiuliza kama mteja anayeuliza bei, bila kuonyesha kwamba umeshaamua. Kijana anayesema “ndiyo Mama” na kunyamaza huwa anasubiri kuulizwa swali ambalo jibu lake halijulikani. Mwulize angefanya nini kama shemeji asingekuwepo kabisa, kisha mwulize angefanya nini kama mkopo ungekosekana. Majibu yake kwa maswali hayo mawili yakitofautiana sana, mtakuwa na la kuzungumza.

Na wiki hiyohiyo, toa kwenye kabati cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba yake, mshughulikie uhakiki wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa kuwa Bodi ya Mikopo huvitaka vikiwa vimehakikiwa, na dirisha la maombi likishafunguliwa waombaji huwa wengi mno. Kazi hiyo haimfungi mtu kwenye jukwaa wala kwenye vitabu vya hesabu. Atahitaji vyeti hivyo popote atakapoamua kuomba mkopo.